Barua ya Wazi kwa Wawakilishi wa Wadi wa Pwani: Juu ya Nyua Zetu na Mimea Iliyo Yetu

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Mabunge ya Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale.

Waheshimiwa,

Nataka kuleta mbele yenu jambo ambalo, likitazamwa kwa haraka, laweza kudhaniwa kuwa ni dogo mno kushughulisha baraza la watunga sheria, nalo ni jambo la mimea ambayo mtu huruhusiwa, au hulazimishwa, au hukatazwa kuiweka ndani ya ua wa nyumba yake. Nimeliandika hadharani, wala sikulipeleka ofisini ndani ya bahasha, kwa kuwa wanaohusika nalo ni wengi: kila mwenye kiwanja kuanzia Vanga hadi Marereni, na zaidi kila mkaazi wa mitaa hii mipya yenye lango na bawabu, ambako kamati za wakaazi zimejitwalia madaraka ya kumwamulia mtu urefu wa nyasi zake na aina ya mti utakaomtia kivuli.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni waraka mmoja. Katika mtaa ulio bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ambao sitautaja kwa kuwa simkusudii mtu, bibi mmoja mjane, jirani wa jamaa zangu, aliletewa barua na kamati ikimwamuru aondoe, kabla ya kwisha siku 14, “kichaka kinachoharibu sura ya mtaa”, na mahali pake apande nyasi za kukatwa kwa mashine zilingane na za wenziwe. Nilikwenda kukitazama hicho kichaka. Nilikuta mikilua miwili iliyofikia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, mkindu mmoja uliopunguzwa makuti kwa uangalifu, mrehani kando ya ngazi, na chini yake, badala ya nyasi, majani makavu yaliyotandazwa makusudi ili ardhi isikauke. Bibi alikuwa amekwisha kuchuma vilua vyake mapema, amevilaza juu ya kitambaa chenye unyevu, akimngoja mwanamke anayevinunua kwa ajili ya kutunga vikuba vya maharusi. Hapakuwa na chupa, wala kopo, wala tairi. Nyumba ya pili yake, ambayo kamati ilimtajia kuwa ndiyo mfano wa kufuatwa, ilikuwa na nyasi za kijani kibichi zilizonyweshwa kwa mpira tangu asubuhi. Na nyuma yake, ukutani, palikuwa na mapipa matatu ya maji yasiyo na vifuniko, ambamo mtu akiinama huona viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka bila ya kubughudhiwa na waraka wa kamati yoyote.

Kamati ilipoulizwa hoja yake ni nini, ilijibu kwa neno moja: sheria. Na hapa ndipo mnapoingia ninyi, kwa kuwa sheria hiyo kweli ipo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, tulipokuwa tukitawaliwa na Mwingereza, na ambayo ingali ikitumika, ina fungu zima la kuzuia na kuangamiza mbu, nayo humkataza mwenye nyumba mjini kuiacha ardhi yake iote kichaka au nyasi ndefu ambazo, kwa rai ya tabibu wa afya, zaelekea kuwa maficho ya mbu. Yapimeni maneno hayo, waheshimiwa, kama wapimavyo mahakimu. Hayakutaja futi wala inchi, hayakutaja sura ya mtaa, na wala hayakumpa mwenyekiti wa kamati cheo cha tabibu. Na fungu hilo hilo limezungumza juu ya maji yaliyotuama, makopo, visima na mashimo ya maji machafu kwa mapana zaidi kuliko lilivyozungumza juu ya nyasi. Lakini kwa kuwa pipa hukaa nyuma ya nyumba na mti hukaa mbele, tumeshika lile dogo lionekanalo na kuliacha kubwa lililojificha, hata kichaka kwetu kimekuwa ni mmea wowote ambao mtazamaji haujui jina lake. Bibi yule, kwa kuogopa faini, ameukata mkilua mmoja. Wa pili angali akiutetea.

Tangu mwaka 1921 elimu ya mbu imekua sana. Mbu aletaye homa ya kidingapopo, ambayo siku hizi huitwa dengi, ndiye huyo huyo aletaye chikungunya, na pwani yetu imeyaonja yote mawili: chikungunya ilianzia Lamu mwaka 2004 ikarejea Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017, na dengi ilitusumbua mwaka 2013 na mwaka uliofuata. Mbu huyo huzaa katika maji yaliyotulia ndani ya pipa, ndani ya tairi, ndani ya dumu lililokatwa mdomo, ndani ya kisahani kilichowekwa chini ya chungu cha maua, karibu kabisa na mwanadamu anayemtegemea kwa chakula. Na mapipa hayo yamejaa majumbani kwetu kwa sababu moja iliyo wazi kwa kila mtu, nayo ni kwamba mfereji hautoi maji kila siku, na siku utoapo lazima mtu aweke akiba. Maji yenyewe hutoka mbali: mengine hutoka chemchemi za Mzima, yakasafiri katika bomba kwa zaidi ya kilomita 200, na mengine hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mji ambamo hamali wa maji huvuta mkokoteni wa madumu katika jua la saa nane, kisha ukamlazimisha mjane kumwagia nyasi maji, mji huo una la kujibu.

Nitasema kwa insafu kwamba wanaoogopa vichaka hawaogopi bure. Mbu mpevu hupumzika kivulini wakati wa mchana, na kivuli ni kivuli, kiwe cha mkilua au cha mwembe. Nyoka nao wapo, na yule wa kijani anayekaa juu ya miti sumu yake haina mzaha. Lakini makao yake ayapendayo ni pamoja na miembe na minazi, na sijapata kusikia kamati iliyoamuru miembe ikatwe. Kimwitacho nyoka mlangoni ni panya, na kimwitacho panya ni taka na vifusi, ambavyo vimejaa katika viwanja vitupu vya mitaa hiyo hiyo, aghlabu mali ya watu wakubwa wasiopelekewa nyaraka. Kiwanja kilichoachwa bila mwenyewe, kikaota magugu na kutupiwa mifuko ya plastiki, ni kitu kimoja. Ua uliopandwa kwa kukusudia, ukafagiliwa njia zake na kupogolewa matawi yake, ni kitu kingine. Sheria iliyo na macho yaweza kuvitenganisha viwili hivi bila taabu.

Na kama mwafikiri kwamba nyasi za mashine ni za bei nafuu, mwulizeni aliyezipanda. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo juu yake ni mwembamba hata jembe hulia likigusa chini. Mwenye kutaka bustani ya kizungu hana budi kununua udongo mwekundu kwa lori, na mbolea kwa gunia, na baada ya hapo maji kila jioni. Na ikifika kaskazi, miezi ile ya joto kabla ya mvua za mwaka kuanza, akisafiri wiki moja tu atarudi akute mkeka wa manjano. Mimea iliyozaliwa hapa imekwisha kuzoea upepo wa chumvi, imezoea kiu ya kaskazi na gharika ya masika, na ikisha kushika mizizi haimdai mwenyewe kitu ila kupogolewa. Hata atakaye nyasi kwa ajili ya watoto kuchezea anao ukoka, ambao haukuletwa na meli ya mtu.

Najua kwamba katika pwani hii maneno “mwenyeji” na “mgeni” hutamkwa kwa hadhari, na ni haki yawe hivyo, kwa kuwa wengi wetu tukihesabu babu kumi nyuma hatujui wa ngapi alitua na jahazi na wa ngapi alimpokea ufukweni. Basi sitaki mtu aitumie barua hii kwa kuanza kufukuza miti kwa nasaba zake. Mwembe ulikuja kutoka Bara Hindi, mzambarau kadhalika. Mnazi ulivuka bahari kabla ya kumbukumbu zetu. Asumini ya nywele za bibi harusi asili yake si hapa. Nao wote wamekaa nasi kwa wema, na nyumba ya Mswahili isiyo na mwembe wala mnazi ni nyumba ya kuhurumiwa. Kipimo ninachokitaka ni kimoja: je, mmea huu, ukisha kupandwa uani, hutulia ulipopandwa, au hutoka nje ukaenda kunyang’anya nafasi ya mingine? Mwarobaini, pamoja na faida zake zote ambazo nyanya zetu wamezisifu, ndege huibeba mbegu yake wakaipeleka mwituni, na leo umeota kwa wingi katika misitu ya pwani ambamo haukupandwa na mtu. Lantana ililetwa iwe ua la ugo. Sasa imefunga njia za mifugo. Na mathenge, uliopandwa huko Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa, uliwatesa wafugaji hata wakampeleka mbuzi mahakamani awe shahidi, meno yake yakiwa yameoza kwa utamu wa matunda yake. Mmea huo huo umeshika kingo za mto Tana. Sheria ya kuwalazimisha wenye ardhi kung’oa magugu yaliyotangazwa kuwa ya hatari tunayo tangu zamani. Tumeikalia tu, tukashughulika na mikilua.

Na huo mkilua ni mmea wa namna gani hata nikausimamia hivi? Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambao ua lake huning’inia chini ya tawi, rangi yake si ya kuvuta macho, na harufu yake humfikia mtu kabla ya yeye kuliona. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuandika katika daftari za elimu duniani, akauita Mkilua fragrans, kwa jina lile lile waliloliita wanawake wa Mvita. Mmea uliokubaliwa na wanazuoni wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kwa jina la Kiswahili umeandikwa “kichaka” katika waraka wa Waswahili.

Tena si peke yake. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika majabali ya huko ua dogo la zambarau, akampelekea babake Ujerumani, na leo kizazi cha ua hilo hukaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, likinunuliwa kila siku kama zawadi ya mgonjwa. Jamaa mmoja wa ua hilo anaishi papa hapa kwetu, katika majabali ya Cha Simba huko Kilifi, na amekaribia kutoweka kabisa. Pitieni, waheshimiwa, vitalu vya miche vilivyo kandokando ya barabara kuu, kuanzia Mtwapa hadi Likoni, muulize kama mwaweza kuuziwa mkilua, au msandarusi ambao sandarusi yake ilizijaza ghala za Unguja katika karne ya 19, au mbambakofi, mti wa milango na majahazi, wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu ambazo watoto huzichezea. Mtaonyeshwa bogenvilia za rangi saba.

Wala ujuzi wa mimea hii haujapotea. Upo kwa wazee wa Kaya za Mijikenda, ambao waliilinda misitu yao kwa miiko kabla ya kuwapo askari wa msitu, misitu ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Upo kwa Makumbusho ya Taifa. Upo kwa wasusi wa mikeka, ambao hawawezi kutenda kitu bila ukindu. Na upo, kwa namna inayonifurahisha kuliko zote, kwa wakulima walio kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao tangu mwaka 1993, kwa njia ya mradi wa Kipepeo ulio Gede, wamekuwa wakifuga viwavi vya vipepeo na kuuza mabuu yake hadi ng’ambo. Muulizeni mmoja wao atawaambia yale ambayo chuo chaweza kuyafundisha kwa mwaka mzima: kwamba kiwavi hali kila jani, aina hii hula mti huu na ile hula ule, na ukimpa jani la kigeni hulikataa akafa njaa huku limemzunguka. Ndiyo sababu wakulima hao hupanda miti ya mwituni katika nyua zao, wakaihesabu kuwa mali. Ua wa nyasi tupu na bogenvilia ni wa kijani, nakubali, lakini kwa viumbe wengi wa pwani hii hauna tofauti na sakafu iliyopakwa rangi.

Na msije mkasema kwamba serikali imekwisha kulifanya jambo hili kwa kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mimi pia nilitoka tarehe 13 Novemba 2023, siku ile ya mapumziko iliyotangazwa kwa ajili ya kupanda miti, na niliwaona watu wakipanda kwa moyo. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 69, inadai angalau asilimia kumi ya ardhi iwe chini ya miti. Lakini tulihesabu miche, hatukuuliza majina. Mkaratusi ni mti, na mathenge ni mti. Hata pale Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller aliyafufua machimbo ya saruji yaliyokuwa kama uso wa mwezi, alianza kwa mivinje ya kigeni kwa kuwa ndiyo iliyokubali kuishi juu ya jiwe, kisha, udongo ulipopatikana, akafuatisha mimea mingine, ikiwamo ya asili. Hiyo ndiyo hikima: mti wa kigeni huwa na kazi yake, na kazi ikiisha hupisha.

Wengine wametutangulia, nasi hatutaaibika kuwatazama. Afrika Kusini, tangu kanuni za mwaka 2014, humtaka mwenye nyumba kuondoa mimea vamizi iliyo katika orodha ya serikali, na anayeuza nyumba lazima amjulishe mnunuzi kwa maandishi kama mimea hiyo imo katika kiwanja. Jimbo la Maryland, Marekani, ambako kamati za mitaa zina nguvu kuliko zetu, lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuzizuia kamati hizo zisimkataze mtu kupanda bustani ya mimea ya asili, wala zisimlazimishe kupanda nyasi. Hakuna kaunti iliyoanguka wala mtaa uliogeuka mwitu.

Basi ombi langu kwenu ni kwamba mtumie madaraka mliyopewa na Katiba ya mwaka 2010 juu ya afya na mipango ya kaunti, mtunge kanuni itakayoupima ua kwa madhara yake: kama pana maji yaliyotuama, au taka, au mmea vamizi uliotajwa kwa jina, hapo afisa wa afya na aandike notisi, tena aandike ameona nini na wapi, na kama hapana, mwenye ua na aachwe. Kanuni hiyo iseme waziwazi kwamba kamati ya wakaazi haina haki ya kumlazimisha mtu kupanda nyasi, wala kumkataza mmea wa asili ya pwani, isipokuwa pale unapoziba njia, au kuficha magari kwenye kona, au kugusa nyaya za umeme. Orodha ya mimea hiyo ya asili mkaitunge pamoja na wazee wa Kaya na wataalamu wa Makumbusho, iandikwe kwa majina ya Kiswahili na ya lugha za Mijikenda mbele, na ya kitaalamu baadaye, ili afisa na mkaazi wote waweze kuisoma. Vitalu vya kaunti navyo viuze miche hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida. Kwa maana kumruhusu mtu kupanda kitu asichoweza kukipata popote ni kumcheka. Na katika bajeti ya kupambana na mbu, fungu la kwanza liende kwenye vifuniko vya mapipa. Kifuniko kimoja cha pipa, naamini, huzuia homa nyingi kuliko kukata nyasi za mtaa mzima.

 

Najua mswada hauwi sheria kwa siku moja, na kwamba Katiba yataka wananchi wasikizwe kwanza. Naomba basi kikao cha kupokea maoni kitangazwe misikitini, makanisani na sokoni, kwa Kiswahili, tena kifanywe siku ya mapumziko na si asubuhi ya Jumatatu ambapo wahusika wako kazini. Na hadi mtakapokwisha kuamua, mziandikie kamati za mitaa barua fupi ya kuziamuru zisimamishe notisi zote za kukata mimea ya watu ambazo hazikutiwa sahihi na afisa wa afya.

Wasalaam.

Mkaazi wa Mombasa